Yule Niliyemwita Mpagazi

Nekesa,

Nimemwambia Mama Wambui akuzuie hapo mlangoni kwake na asikuachie upite kabla hujasoma karatasi hizi mpaka mwisho. Ndani kuna mgeni. Ameketi kwenye kiti cha baba yako, viatu ameviacha kizingitini, chai yake imeshapoa na haigusi. Ni Bwana Zakaria Lubanga. Ndiyo, huyo huyo. Anatazama kanda yako ya video. Mimi nimejificha jikoni naandika, kwa sababu kukaa naye siwezi na kutoka nje siwezi.

Sasa ni saa nane mchana. Wewe uko Kaloleni unamuaga nyanya yako, na kesho asubuhi basi la Kisumu litakuchukua uende ukajiunge na wale waigizaji wenzako. Mambo ya blanketi, dawa ya malaria na jinsi ya kufunga sanduku, baba yako ameshayasema mara nne kabla ya kwenda kazini. Sitayarudia. Nina jambo moja tu, na limenikaa kooni wiki tatu.

Nilikudanganya. Ulipoimaliza kanda hiyo, uliniwekea mezani ukasema, "Mama, hii ni ya Bwana Lubanga. Utampelekea wewe, si mimi." Nikasema sawa. Jumamosi ya kwanza nilirudi nikakwambia nimekuta mlango wake umefungwa. Jumamosi ya pili nikasema majirani wameniambia amesafiri kwenda kwao Kakamega. Zote mbili ni uongo. Mara ya kwanza nilishuka Njiru, nikasimama kando ya kinu cha kusaga mahindi kama mtu anayengoja unga wake, halafu nikapanda gari la kurudi mjini. Mara ya pili sikufika hata huko. Nilikaa Majengo kwa fundi wa nguo, kanda ikiwa ndani ya kikapu, nikabishana naye kuhusu uchaguzi mpaka jua likapoa.

Wewe mara zote mbili ulinitazama, ukasema tu, "Sawa, Mama." Nilifikiri umeniamini.

Hadithi yenyewe umeisikia kwa watu wa mtaa. Kwangu hujawahi kuisikia. Ulikuwa na miaka minne. Bwana Lubanga alikuwa jirani yetu hapa Maringo, mstari wa nyuma, yeye na mkewe Felesia aliyekuwa akiuza nguo za mitumba Gikomba. Kila mtu alijua kwamba Lubanga "anaenda sinema", yaani anaigiza. Wazungu walipokuja kupiga picha zao huko mbugani, alitoweka miezi miwili akarudi mweusi zaidi na mwembamba zaidi. Siku moja ikasemekana filamu moja imefika, na kamati ya mtaa imeipata, na itaonyeshwa ukumbini Jumapili jioni, bure, kwa heshima ya mwenzetu.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Felesia alikaa mbele kabisa na gauni jipya la buluu. Mimi nilikaa katikati, wewe mapajani mwangu, na kichwani nilikuwa na vitabu vyote vya ukoloni ambavyo maktaba ilikuwa imenikopesha mwaka ule. Filamu ikaanza. Tukangoja Lubanga atokee. Tulingoja sana. Halafu akatokea, amebeba kichwani beseni la bati la kuogea la mama wa kizungu, beseni refu kama jeneza, anapanda nalo kilima. Yule mama anatembea mbele na mwavuli. Lubanga hasemi neno. Kilima cha pili, beseni. Mto, beseni. Watu walikuwa wakipiga makofi! Hicho ndicho kilichonichoma. Walikuwa wakishangilia, "Lubanga! Lubanga!" na yeye ana beseni kichwani.

Nikasimama. Unajua ninavyosimama. Nikapaza sauti, nikasema, "Tunashangilia nini hapa? Tumefukuza wakoloni ili tukae gizani tupigie makofi mtu anayewabebea beseni? Huyu si mwigizaji. Huyu ni mpagazi!" Nikakubeba, nikatoka. Sikutoka peke yangu, nusu ya ukumbi ilinifuata. Waliobaki wakaanza kupiga mbinja na kurusha maganda ya njugu kwenye kitambaa cha sinema, na mwenye mtambo akaogopa mtambo wake, akauzima. Filamu ikafia hapo.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekosa adabu tu. Lakini nilirudi nyumbani nikaandika. Niliandika kurasa sita, nikazipunguza zikawa mbili, nikapeleka gazetini, wakachapa. Kichwa nilikipa mwenyewe: "Mpagazi wa Milele". Nitakwambia ukweli ambao hata baba yako sijamwambia: ilikuwa barua nzuri. Katika yote niliyoandika tangu hapo, dhidi ya manispaa, dhidi ya wachungaji, dhidi ya wakubwa wa vyama, sijaandika tena kitu chenye makali kama kile. Watu waliikata gazetini wakaibandika ukutani. Kule kiwandani ninakosahihisha maandishi kabla hayajachapwa, mkuu wangu aliisoma kwa sauti wakati wa chai.

Na niliiandika kuhusu filamu ambayo nilikuwa nimetazama dakika ishirini.

Jina lilimshika. Vijana wa kona walikuwa wakimwona wanasema, "Niaje Mpagazi! Nibebe basi, nimechoka!" Watoto wakaimba. Gikomba wakaanza kumwita Felesia "Mama Mpagazi", na mteja akinunua gunia la nguo anamwambia, "Mwite mzee wako alibebe." Yeye mwenyewe alikuwa ameahidiwa nafasi katika michezo ya runinga, nafasi kubwa, ya hakimu, wakampa mtu mwingine kwa sababu watazamaji wangecheka. Mwaka haukuisha wakahamia Njiru, wakati ule ilikuwa vichaka na mawe ya machimbo. Nilimwona akipakia kitanda kwenye mkokoteni. Nilikuwa dirishani. Sikutoka.

Nimeinuka kuchungulia. Amekunja mikono kifuani, hasogei. Yuko kwenye ile sehemu ya sinema ya serikali ya kufundisha kuchimba choo, ile waliyokuwa wakizungusha vijijini kwa gari. Yeye ndiye mkaidi anayekataa kuchimba. Amecheka kidogo, peke yake.

Nirudi. Miezi sita iliyopita ulianza kuazima video ya Mama Wambui, ukaiunga na yetu kwa nyaya, ukawa unanakili. Nilidhani ni muziki. Nyumba ilijaa makasha ya kanda, na juu ya kila kanda maandishi yako ya kalamu nene: LUBANGA, MPISHI. LUBANGA, ASKARI WA PILI. LUBANGA, MGANGA. Nikachukia. Na mwezi uliopita barua ya chuo cha ualimu ilipofika, ukaikunja ukaiweka chini ya redio ukasema hutaenda, utaenda Kisumu kuigiza vitabu vya mtihani katika shule za sekondari, nilikwambia neno ambalo lisingepaswa kutoka kinywani mwa mzazi. Nilikwambia, "Basi nimezaa mpagazi."

Baba yako aliacha kutafuna. Wewe hukulia. Uliniuliza swali moja: "Mama, ile filamu uliwahi kuitazama mpaka mwisho?"

Nilijibu kwa hotuba. Nakumbuka niligusia Berlin na kugawanywa kwa Afrika. Hukunikatiza. Nilipomaliza ulisema, "Kwa hiyo hukuitazama."

Nataka ujue hoja yangu haijabadilika, usije ukadhani nimelainika. Ile filamu ilikuwa tusi. Kumwonyesha mtu mzima saa mbili nzima bila jina na bila neno moja kinywani ni tusi, na wakikuletea kazi kama hiyo natamani uikatae, na ukiikubali tutagombana tena, Kisumu si mbali. Lakini nilikuwa na hasira na watu walioandika ile filamu, watu waliokuwa ng'ambo, nisiowajua na wasionijua. Hawangenisikia. Lubanga alikuwa mstari wa nyuma, angenisikia. Kwa hiyo nilimpiga yeye. Nimekaa miaka kumi na mitano nikiita jambo hilo ujasiri.

Leo asubuhi ulipotoka tu nilichukua kikapu nikaenda. Sikujipa nafasi ya kufikiri. Alikuwa anawawekea kuku maji. Amezeeka, Nekesa, lakini mgongo umenyooka vilevile. Aliinua macho, akasema, "Mwandishi."

"Bwana Lubanga. Habari za siku nyingi."

"Nyingi kweli. Umekuja kuandika kuhusu kuku?"

Nikasema, "Nimeleta kitu cha mtoto wangu."

"Nekesa? Najua. Alikuja hapa mara tatu, na daftari. Anakula mayai kama askari jela, huyo." Akaendelea kumimina maji. "Alisema kanda ikiwa tayari hataileta yeye, kuna mtu ataileta. Nimekungoja wiki tatu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba Jumamosi zote mbili, ukisema "Sawa, Mama", ulikuwa unajua ninadanganya. Sijui ulivumilia vipi. Mimi nisingekuwa na subira ya kumngoja mtu namna hiyo. Hukuitoa kwangu.

Nikampa kanda. Akaigeuzageuza, akasoma jina lake, akaniambia, "Sasa hii nitaitazamia wapi? Kuku wangu hawana video."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nilikuwa nimepanga kuikabidhi, kusema maneno mawili niliyoyapanga vizuri, na kuondoka. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Utaitazama kwangu. Leo."

"Maringo?"

"Maringo."

Akamalizia kuwamiminia kuku maji. Halafu akasema ngoja nivae koti. Alipotoka alikuwa na trei ya mayai, akaniwekea mikononi. "Siwezi kwenda kwa watu mikono mitupu," akasema, "lakini leo sibebi."

Nimeyabeba, mwanangu. Kutoka Njiru mpaka hapa, na kutoka kituoni mpaka mlangoni, mayai thelathini, na yeye mbele mikono mfukoni. Tulipopita dukani yule fundi wa redio alimtambua, akapiga kelele, "Aaa! Mpagazi! Umerudi?" Nilitamani ardhi inimeze na trei yangu. Lubanga hakugeuka hata kidogo. "Nimerudi, mzee," akasema, "lakini ile kazi niliacha. Nimeajiri." Watu wakacheka mpaka barabara ya pili.

Njiani nilijaribu kumwelezea kwamba sikuwa na chuki naye, kwamba nilikuwa napinga picha fulani ya Mwafrika. Akanisikiliza kwa upole. Akasema, "Mama Nekesa, hayo uliyoandika nilikuwa nayasema mwenyewe kule kambini kila tukikaa kula. Tulikuwa wapagazi kumi na wawili, hakuna aliyehitaji gazeti kumfundisha. Lakini lile beseni nililibeba mimi. Shingo iliyouma ni yangu. Wewe uliliona tu." Nilitafuta jibu mpaka mlangoni. Unajua natafuta haraka.

Nimesikia akicheka tena, nimeenda kuangalia, na sasa nimepigwa na butwaa. Yule bibi kizee wa runinga, yule mwenye leso mbili anayemfukuza mwenye nyumba kwa mwiko, ni yeye? Nekesa, mchezo ule tuliutazama sote sebuleni, na nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilisema, "Huyu mama ni nani, ana kipaji!" Anasema mwanamke aliyepangiwa aliugua, naye alikuwa ameletwa kuhamisha viti, akavaa leso. Jina lake hawakuliandika. Nimesimama mlangoni kama mjinga. Ameniambia bila kugeuka, "Na yule pia nilimbeba."

Mwenye nyumba bahili, kinyozi, shemasi mlevi, mlinzi wa lango katika ile ya Wahindi, chifu, mganga ambaye mwenyewe anasema alimkera sana mchungaji wake. Nyuso zote hizo ulizikusanya wewe, picha inaruka na chenga zinajaa kati ya moja na nyingine, na mimi nilipita sebuleni miezi sita nikilalamika kuhusu nyaya. Najiita msomaji. Nimesoma vitabu ambavyo hapa mtaani hakuna mwingine aliyevisikia. Nisiseme zaidi.

Ananiita. Anasema, "Mwandishi, njoo. Imefika ile. Wewe ndiye uliyetoka, njoo umalizie." Nitaacha kalamu hapa.

Nimerudi. Nimekaa kwanza nikanywa maji.

Ulijua ni nini kiko mwisho na hukuniambia. Sasa naelewa. Yule mama wa kizungu ameondoka na mume wake, mahema yamekunjwa, wapagazi wengine wameshuka kilima. Lubanga amebaki na beseni kando ya mto. Analitazama. Anaangalia huku na huku. Halafu analijaza maji kwa kibuyu, taratibu, hana haraka na mtu, anavua shati, anaingia ndani, anajinyoosha, miguu inatokeza upande wa pili. Anafumba macho. Baadaye anayafumbua, anatutazama sisi. Anatutazama sisi, Nekesa, moja kwa moja, muda mrefu, na uso wake ni wa mtu aliye kwake. Picha inaishia hapo.

Yeye alikuwa ameshika mikono ya kiti.

"Nilidhani waliikata," akasema. "Haikuwa kwenye maandishi yao. Nilikuwa nimechoka, nikaingia. Mwenye kamera akacheka, akasema usitoke."

Hakuwa ameiona. Siku ile ukumbini alikuwa akiingojea, hakujua kama ipo au haipo, na mimi nikasimama kabla haijafika. Baada ya hapo hakutafuta tena. Akaniambia jambo la Felesia. Akasema njia nzima kwenda ukumbini alikuwa akimwambia mkewe, "Ukiona nabebabeba usikasirike, ngoja mwisho, utacheka." Na mtaa ulipoanza kuwadhihaki, Felesia aliacha kuamini kwamba kulikuwa na mwisho. Alidhani mumewe alimtungia ili asione aibu. Hakulisema kwa ubaya, alikuwa akimpapasa begani kama mtu anayebembeleza mtoto: "Basi, baba, yameisha." Amekufa miaka mitatu sasa, akiwa na imani hiyo.

Nilipiga magoti, Nekesa. Mimi. Nikasema, "Bwana Lubanga, nisamehe."

Akasema, "Inuka, utachafua nguo. Hilo usiniombe leo. Sikuja kwa ajili yako, nilikuja kwa ajili ya mtoto. Leo nirudishie kanda nyuma, niione tena."

Nikairudisha. Nilitaka kusema kitu, angalau kueleza, na nikafunga mdomo. Ameitazama mara tatu. Ya tatu hakuwa akiitazama picha, alikuwa anakitazama kiti kilicho wazi kando yake, nami nikatoka nimwache.

Hakuna barua nitakayoandika gazetini ikamfikia Felesia. Nitaandika hata hivyo, wiki hii, kwa jina langu kamili, na nitasema nilitazama dakika ishirini. Lakini najua haitoshi, na sitaki unifariji. Wewe nenda. Sikubariki kwa sababu umenishawishi kuhusu kazi yenyewe, bado sijashawishika. Nakubariki kwa sababu una subira ya kumtazama mtu mpaka mwisho, na hiyo hukuipata kwangu. Neno nililokwambia mezani ni uongo, nalifuta. Mtakapofika shule yoyote ambayo nauli inaweza kunifikisha, niandikie. Nitakaa nyuma kati ya wanafunzi. Nikikasirika nitakasirika nikiwa kitini.

Hana haraka ya kurudi Njiru. Mayai nimeyachemsha, yako mezani. Kila nikipita ananiuliza swali moja. Kanda zile nyingine anasema anaelewa ulivyozipata, lakini ile ya mwisho alishaacha kuamini kwamba iko popote duniani, na anataka kujua uliitoa wapi, kwa nani, ulisema nini mpaka wakakupa. Ingia umwambie. Mimi nimeshindwa kumjibu, kwa maana sikuwahi kukuuliza.

Mama yako